Visigino vya Mama Yangu

Niseme wazi tangu mwanzo: kati ya wapakizi wote waliobeba magunia pale Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, miaka ile ya vita vya Kongo, hakuna aliyekuwa na ngozi kama yangu. Baadhi yao wako hai bado, waulizeni. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, huko Uvira nilikozaliwa, na hata hilo la nne sikulimaliza. Lakini mwili wangu niliusoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Watu wanadhani kujitunza ni mambo ya wenye magari. Uongo. Mimi nilianza nikiwa sina hata godoro. Tulikuwa tumerudi Rwanda baada ya yale mauaji ya tisini na nne, watu watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Tulipata vyumba viwili juu ya kilima, mahali ambapo ukifungua mlango unaiona Bukavu ng'ambo ya maji. Kazi niliyoipata ilikuwa ya mgongo: mchele kutoka Bugarama, saruji, chumvi, sabuni za kuvushwa. Sasa saruji na jasho vikikutana mgongoni vinageuka ukuta. Wenzangu walikuwa wakimaliza kazi wananawa uso, wanakwenda kwenye pombe ya ndizi, halafu wanalala na ukuta wao.

Mimi nilikataa. Nilijiambia, huu mgongo ndio shamba langu, ndio ng'ombe wangu, ndio diploma yangu. Nani anamwacha ng'ombe wake alale na matope?

Basi kila siku baada ya kazi, jua likiwa bado lipo, nilichemsha sufuria moja ya maji na majani ya mchaichai, yale tunayoyaita sitroneli, yaliyokuwa yakiota bure nyuma ya kanisa. Nilikuwa na jiwe jeusi la volkano, lenye matundu, nililoliokota mwenyewe. Na kipande cha sabuni ya mawese. Nilianzia miguuni nikapanda juu, kwa sababu wanaoanzia usoni huishiwa maji wakifika kiunoni, na miguu ndiyo inayobeba gunia. Sikujifuta kwa nguvu, nilijipigapiga na kitambaa. Na ngozi ikiwa bado ina unyevu kidogo, nilijipaka siagi ya ng'ombe.

Hapo kwenye siagi ndipo watu wengi wanaposhindwa. Wanajipaka vilevile ilivyotoka, halafu wananuka kibuyu. Siagi lazima ioshwe. Mimi niliinunua kwa mama mmoja wa Gashonga, nikaipiga kwa mkono ndani ya maji baridi, nikamwaga maji, nikaipiga tena, mara saba, mpaka maji yatoke safi kama ya mvua. Kisha niliifunika kwenye chungu pamoja na majani makavu ya umwenya, yale yenye harufu ya mrihani, siku tatu. Ukifungua hicho chungu, hata umaskini unasogea pembeni kidogo. Chota kiasi cha punje ya haragwe, kinatosha mguu mzima. Sufuria moja, jiwe moja, chungu kimoja. Hakuna waziri aliyeoga kunishinda.

Wenzangu walinicheka, bila shaka. Nikitokea asubuhi walipiga vigelegele.

"Bibi-arusi amefika! Mumupatie kiti!"

"Papa, leo unabeba mchele ao tukubebe wewe?"

Siku moja tu walinicheka kwa haki. Nilijipaka asubuhi badala ya jioni, gunia likateleza begani kama samaki, likapasukia chini mbele ya bosi. Tangu siku hiyo, siagi ikawa ya jioni. Lakini kuacha? Sikuacha.

Kisha vikaja vita vya pili vya Kongo. Siku chache kabla, mdogo wangu alikuwa ameingia huko na mzigo wa chumvi wa mfanyabiashara mmoja, wakaelekea upande wa Shabunda. Njia ikafungwa nyuma yao. Gari halikurudi. Chumvi haikurudi. Hakuna aliyekuja kutuambia amekufa, na hakuna aliyekuja kutuambia amemwona.

Mwaka wa kwanza mama alikuwa anashuka kila siku ya soko mpaka kwenye mpaka wa Rusizi, anasimama karibu na daraja, anawauliza wamama wanaotoka Bukavu na vikapu vyao. "Hamukuona kijana murefu, ana kovu hapa kwa nyusi?" Hawakumwona. Anapanda kilima, anangoja soko linalofuata.

Lakini aliacha kujipaka. Inabidi nieleze desturi. Kwetu mtu akifa, nyumba inaingia kwenye siku za kwirabura, siku za weusi. Hamnyoi nywele, hamjipaki mafuta, mwili haupewi raha yoyote. Mpaka siku ya kwera, siku ya weupe: jamaa na majirani wanakuja na pombe, mnanyolewa, mnapakwa, maisha yanaanza upya. Sasa mama yangu hakukubali kwamba mtoto wake amekufa. Na hakuthubutu kujipaka kama mtu asiye na msiba. Akasimama kwenye kizingiti, si ndani, si nje. Hakuna maiti, hakuna siku ya weusi ya kuhesabia, kwa hiyo hakuna weupe utakaofika.

Ngozi haina habari na desturi. Ngozi yake ilikauka ikawa na magamba. Visigino vilipasuka mpaka punje ya mchele ingeingia humo ikapotea. Akaanza kutembea kwa vidole. Halafu akaacha kushuka mpakani. Halafu akaacha kanisa. Nilikuwa nimeshawaona wamama wengine wa kilima chetu wakienda njia hiyo, kwanza soko, pili kanisa, tatu sahani ya chakula. Baada ya sahani hakuna cha nne. Mama yangu alikuwa amefika kwenye sahani. Alikuwa anaipima kwa macho, anaisukuma.

Nikamletea chungu changu.

"Mama, nikupake miguu."

"Juu ya nini unipake? Nani amekuambia msiba imeisha?"

"Hakuna msiba, mama. Wewe mwenyewe unasema yuko hai."

"Yuko."

"Basi ujipake kama mama wa mutoto yuko hai."

"We mutoto," akasema, "ukinipaka siagi, umemuzika ndugu yako. Ondosha hicho chungu."

Nikakiondosha. Mimi ni mbishi, lakini si mjinga. Kesho yake nikamletea maji ya moto peke yake, na chumvi kidogo. Nikamwambia ni dawa ya vidonda, muuguzi yeyote angesema hivyohivyo. Kwa maji hakuwa na neno. Wiki nzima nilirudi kutoka kazini nikamchemshia maji, nikamsugua kwa lile jiwe langu, polepole, kama mtu anayekwangua sufuria ya udongo. Ngozi iliyokufa ilitoka. Damu iliacha kutoka. Lakini bila mafuta mipasuko ilikuwa inafunguka tena kila asubuhi.

Nikaamua, Jumapili nitaweka chungu pembeni ya beseni na nitazungumza naye mpaka akubali. Na hapo mdomo wangu ukafanya kazi yake. Nilipokwenda kununua siagi, nilinunua maradufu, na yule mama wa Gashonga akauliza ni ya nani. Nikajibu kwa majivuno, "Jumapili mama yangu atang'aa, utaona!"

Mnaelewa alichosikia? Alisikia kwera. Ni mtu gani wa huku angesikia kitu kingine? Siagi nyingi, mama aliyekuwa kwenye weusi, Jumapili. Habari ilipanda kilima kabla yangu. Ikafika kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, mwenye neno la mwisho katika ukoo wetu. Naye akaona aibu kwamba mwana wa kaka yake anafunga msiba bila kumwita. Akajiandaa.

Jumapili baada ya misa mama alikuwa ndani, mguu mmoja kwenye beseni, mimi nimepiga magoti. Nikasikia wimbo. Wimbo wa kanisa, ule wa kuaga. Nikachungulia: baba mdogo mbele amevaa koti, mrija wa kunywea mkononi, nyuma yake wanaume wawili na bido mbili, yale madumu ya plastiki, zimejaa pombe ya ndizi, na wamama kama kumi wenye vikapu vyenye vifuniko vichwani. Mmoja ameshika wembe mpya wa kunyolea, bado uko kwenye karatasi yake.

Mama aliuona wembe. Akautoa mguu kwenye maji kana kwamba yamemchoma.

"Umemuzika," akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mimi sijawahi kuwaogopa watu. Nilitoka nje vilevile, mikono inachuruzika maji, nikasimama kwenye lango letu la matete.

"Karibuni, lakini hapana kuingia."

"Nini hiyo?" baba mdogo akasema. "Unatukaribisha ao unatufukuza?"

"Leo hakuna msiba inayofungwa hapa. Mama yangu anaoga."

Wamama wakaguna. Mmoja akasema, "Anaoga na siagi?"

"Na siagi, mama. Na maji ya sitroneli. Kuoga si kuzika."

Baba mdogo akanisogelea. Alikuwa mrefu, na alijua kuutumia urefu wake. "Sikia, mutoto ya kaka yangu. Siagi kwa mama yako iko na mulango moja, na mulango hiyo ni kwera. Ukimupaka leo bila sisi, umemutoa kwa desturi. Ao ufunge msiba, ao umuache alivyo."

"Alivyo? Umemuona alivyo? Lini ulikuya kumuona?"

Akavuta kola ya koti lake.

"Hata kwa daraja hawezi tena kushuka. Visigino vyake umeviona? Desturi ilikuwa wapi wakati anatembea kwa vidole?"

"Usinifundishe. Wewe muntu ya darasa la nne, unajipaka kama mwanamuke."

Wakacheka. Nami nikacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko yao, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeshaamua. "Darasa la nne, ndiyo," nikasema. "Na hata hiyo sikuimaliza. Lakini mama yangu hatakufa kwa kungoja siku ambayo haina tarehe. Ndugu yangu sikumuzika, na nyinyi hamutamuzika kwangu na bido mbili. Murudishe pombe yenu."

Kwetu pombe iliyoletwa mlangoni hairudishwi. Afadhali umpige mtu kofi. Niliona uso wa baba mdogo ukibadilika, nikajua nimeupoteza ukoo mzima kwa sentensi moja. Akageuka. Bido zikashuka kilima zilivyopanda, zimejaa, na wamama nyuma, na wimbo haukuendelea. Miaka sita hakukanyaga kwangu. Sikumfuata. Mpaka leo wapo wanaosema nilimtukana marehemu, na wapo wanaosema nilimtukana aliye hai. Wachague moja.

Niliporudi ndani mama alikuwa palepale, mguu unadondosha maji sakafuni.

"Ulirudisha pombe ya baba mudogo wako?"

"Nilirudisha."

"Yote?"

"Bido zote mbili, mama."

Akafikiri. "Ilikuwa pombe nzuri?"

"Sikuionja."

Kitu kikatikisika mabegani mwake. Sikujua kama ni kilio au ni kicheko, na sikuuliza. Halafu akaurudisha mguu kwenye beseni.

"Maji imepoa," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza. Alipomaliza kuloweka nikachota siagi, nikaanza na kisigino cha kulia. Akanivumilia kidogo, kisha akanipiga mkono.

"Leta hicho chungu. Unapaka kama muntu anapaka ukuta."

Akachota mwenyewe. Alichota kidogo sana, akaisugua kwanza katikati ya viganja mpaka ikayeyuka, jambo ambalo mimi, bingwa, nilikuwa sijawahi kulifanya, na tangu siku hiyo nalifanya. Akapaka kisigino, unyayo, katikati ya vidole. Akafika kwenye goti, akasimama.

"Hii si ya kwera," akasema.

"Si ya kwera."

"Ni ya nini, basi?"

"Ya kutembea," nikasema.

Akaendelea kupaka.

Ilichukua kama miezi miwili. Kila siku beseni, jiwe, siagi. Nywele hakunyoa. Neno la kwamba mtoto wake amekufa hakulisema, na hajalisema mpaka leo, na anayetaka alisemwe aje apitie kwangu kwanza. Siku moja ya soko nilikuwa kule chini karibu na daraja, ninapakua mchele, nikamwona anashuka. Hakushuka kwa vidole. Alishuka kwa unyayo mzima, taratibu, kitenge chake cha kanisani kiunoni, na jua la asubuhi linampiga miguuni na mikononi.

Akasimama mahali pake pa zamani, akaanza kuwauliza wamama waliokuwa wanavuka. Kijana murefu, ana kovu hapa kwa nyusi. Wakatikisa kichwa. Akamgeukia aliyefuata.

Mpakizi mmoja mgeni aliyekuwa karibu yangu akatua gunia lake, akaangalia.

"Papa," akaniuliza, "ule mama anang'aa vile, ni wa nani?"

Nikajibu kwa sauti ya kutosha kufika Bukavu. "Ni wangu."