Matembezi ya Kolkata na Swali la Bi Rokeya

Kitendawili! Kila siku anawagawia wageni mji wake, na jioni mji umebaki mzima. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni Kolkata, nami niwajibu: ni mtembeza watalii.

Saa kumi na mbili asubuhi, Bhaskar Porel anafunga kamba za viatu kizingitini. Ana miaka sitini na moja, na mwavuli mweusi kwapani.

"Nakuja," anamwambia mkewe, Minoti.

Kwao mtu akitoka nyumbani hasemi "naenda". Hilo ni neno la mkosi. Husema "nakuja", na anayebaki humwitikia "njoo". Minoti anaendelea kupepea mkaa. Bhaskar anangoja kidogo, kisha anashuka ngazi. Mwezi wa pili huu hajaambiwa njoo.

Kisa ni binti yao wa pekee, Jhumpa. Ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya wageni na mwavuli huo huo, akiwachekesha njia nzima. Msimu wa mvua wa mwaka juzi, homa ya mbu ilimshika, na hakuimaliza wiki.

Desturi ya Bhaskar ni kumalizia matembezi nyumbani kwake, mgeni anywe chai. Miezi miwili iliyopita, mgeni mmoja alimwuliza kama ana watoto. "Hatuna," akajibu upesi, kwa kuogopa huruma ya mtu asiyemjua. Minoti alikuwa jikoni. Akasikia.

"Aliniambia, 'Umemzika mara ya pili,'" Bhaskar ananisimulia. "Basi. Wali ananipakulia, shati ananifulia, lakini mlangoni haniitikii. Ningepigiwa kelele ningepumua."

Leo mgeni wake ni Bi Rokeya, mwalimu mstaafu kutoka Dhaka, mwanamke wa maneno. Atamlipa rupia mia nane kwa siku nzima. Siku za mvua kubwa Bhaskar hapati hata moja.

Wanaanzia soko la maua chini ya daraja, wapagazi wakiwapigia kelele wapishe njia. Kwenye meza za samaki, Bi Rokeya anasimama, mkono kiunoni.

"Kaka, visamaki hivi ndivyo mnavyoviita hilsa? Kwetu hawa tunawarudisha mtoni wakakue kwanza."

"Samaki wenu ni wakubwa midomoni mwenu, dada," Bhaskar anamjibu. " Kwenye sahani sijawaona."

"Njoo Dhaka uone! Utalamba hadi sahani!"

Muuza samaki anacheka mpaka kisu kinamponyoka.

Kufika Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi, jua limeshapanda. Miungu ya majani makavu imesimama vichochoroni, bado haina vichwa. Fundi mmoja ameshika kichwa cha udongo cha Durga, mungu wa kike, analainisha shavu lake kwa kidole gumba.

"Huyu ni binti aliyeolewa mbali," Bhaskar anaeleza, kama anavyoeleza kila siku. "Mara moja kwa mwaka anarudi kwa wazazi wake. Mji mzima unampokea."

"Heri yao," anasema Bi Rokeya. "Na wewe, kaka? Una watoto?"

Bhaskar anafungua mwavuli, na walipo ni kivulini.

"Tupite huku," anasema. "Huku kuna upepo."

Alasiri wanapanda ngazi za nyumbani. Minoti anamkaribisha mgeni kwenye kitanda, ndiyo sebule yao, anamwekea chai na vitumbua vya nazi.

"Wifi, mumeo anajua kila jiwe la mji huu," Bi Rokeya anamwambia. "Ila samaki hajui kitu. Halafu asubuhi nimemwuliza swali, akanikimbia na mwavuli wake. Hebu niambieni nyie, mna watoto?"

Birika linasimama hewani mkononi mwa Minoti. Hamtazami mumewe. Anatazama chai.

Bhaskar anaweka kikombe chini. Anafuta midomo kwa kiganja, anaanza, anakwama, anaanza tena.

"Tunaye mmoja," anasema. "Binti. Anaitwa Jhumpa. Homa ilimchukua mwaka juzi, dada yangu, lakini tunaye."