Mtani Aliyekaa Kaburini

Watu wa Kanyenye, mtaa wa Tabora, hawampendi Dafrosa. Wananunua kwake kwa sababu duka lake la dawa liko njiani, lakini wakitoka husonya. Anauliza mno. Mtu aliyefuata vidonge viwili vya mafua anaulizwa kama ana presha, kama anakunywa pombe, na jana alimeza nini. Maduka mengine hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi, viwili viwili, na jina la dawa likaenda na kipande cha mteja mwingine. Dafrosa akikata huandika jina na kiasi juu ya bahasha, halafu anakulazimisha umsomee. Wazee wasiojua kusoma humwona mwenye dharau. Vijana humwita Hakimu.

Ni Mgogo wa Manyoni, mwembamba, mwenye sauti kavu. Kwa Wanyamwezi hilo pekee lingetosha kumpa maadui na ndugu kwa wakati mmoja. Tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipovuka Ugogo wakitozwa hongo kwa ajili ya maji, makabila haya mawili yalitukanana mpaka matusi yakawa udugu. Ndiyo maana bibi mmoja Mnyamwezi wa kijiji cha Ntalikwa alipofariki Julai iliyopita, Dafrosa alifunga duka akaenda. Bibi yule alikuwa mteja wake kwa miaka tisa, na hakuwahi kununua kidonge bila kumtukana kwanza.

Alifika saa nne asubuhi. Upepo wa kipupwe ulikuwa ukipeperusha majivu ya moto wa wanaume. Kasimiri, mtoto wa kwanza wa marehemu, mkulima wa tumbaku, alikuwa ameketi kwenye kigogo akiwa amejifunika koti zito. Macho mekundu, pua imevimba. Siku ya nne hiyo analala nje na waombolezaji, na siku ya nne anaumwa mafua.

"Mgogo amefika," alisema. "Ficheni vyakula, ataomba mpaka sufuria."

"Nimekuja kuhesabu wapagazi," Dafrosa alijibu. "Nione kama mmebaki wa kutosha kubeba jeneza."

Watu walicheka. Kasimiri naye alicheka, akakohoa, akatoa mfukoni vipande vitatu vya vidonge, vimekatwa kwa mkasi, havina jina. Akatumbukiza vidonge vinne kinywani kwa mkupuo. Kisha akanyoosha mkono, na mkewe Josepha akampa kikombe cha dawa ya unga iliyokorogwa kwa maji ya moto.

Dafrosa aliacha kucheka. "Hizo ni nini?"

"Hii ya mafua. Hii ya kichwa. Hii aliniletea jirani, Twalibu, ya kikohozi na homa. Msibani kila mtu anakuja na dawa yake, nitamkatalia nani?"

"Na ya unga?"

"Ya mafua makali."

"Umemeza vingapi tangu jana?"

"Mimi nahesabu marobota ya tumbaku, sihesabu vidonge."

Dafrosa alichukua vile vipande akavigeuza kwenye mwanga. Viwili alivijua kwa rangi na umbo, maana alikuwa akiviuza kila siku. Ndani ya kile cha mafua mna paracetamol. Kile cha kichwa ni paracetamol tupu. Ile ya unga nayo inayo. Majina tofauti, makaratasi ya rangi tofauti, na kitu kilekile kinaingia tumboni mara tatu. Mtu mzima mwenye afya hazidishi vidonge vinane vya miligramu mia tano kwa siku nzima, kutoka dawa zote zikijumlishwa. Kwa hesabu ya mapengo kwenye makaratasi, Kasimiri alikuwa amepita kumi na sita. Na pumzi yake ilinuka gongo.

"Kasimiri," alisema, "ukiendelea hivi tutakuzika wiki hii hii. Ini lako linaoza. Twende hospitali ya Kitete sasa."

Wote waliozunguka moto walilipuka kwa kicheko. Mjomba wa Kasimiri, mzee Ezekia, alijifuta machozi. Mtani amesema neno lake. Mtani msibani kazi yake ndiyo hiyo, kumtabiria mfiwa kifo ili asahau cha mwenzake.

"Sitanii," alisema Dafrosa.

Wakazidi kucheka, kwa sababu mtani mzuri husema hivyo.

Alimwita Josepha pembeni. Josepha alikunja uso. "Umekuja kutuharibia msiba. Anaumwa mafua tu."

"Ametapika?"

"Mara tatu, alfajiri. Ni huzuni."

"Siyo huzuni. Ini halipigi kelele siku ya kwanza. Likianza kupiga, hakuna daktari atakayelinyamazisha. Leo bado ipo dawa ya kuzuia. Keshokutwa huenda isifae."

"Maziko ni saa nane. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Nani atatupa udongo wa kwanza? Nenda zako na vidonge vyako, Hakimu."

Dafrosa alitazama saa. Saa tano kasoro. Alivuka ua, akapita nyuma ya nyumba mpaka pale vijana walipokuwa wamemaliza kuchimba kaburi. Akavua kandambili, akateremka, akaketi chini na kuegemea udongo.

Hilo kila Mnyamwezi analielewa. Mtani akikaa kaburini, hazikwi mtu mpaka akombolewe. Wanakuja na kuku, na pombe, wanabembeleza, wanatukanana, anatoka. Walikuja na kuku wawili.

"Sitaki kuku," alisema kutoka shimoni. "Nataka Kasimiri apelekwe hospitali. Akipanda gari, natoka."

Sasa hawakucheka. Kasimiri alisimama ukingoni, koti likiyumba. "Toka kwenye kaburi la mama yangu."

"Bei yangu nimeitaja."

"Nitakutoa kwa jembe."

"Nipige. Ukishindwa kuinua jembe, utajua naongea nini."

Alijaribu. Jembe lilifika magotini likamponyoka, akainama akatapika kwenye udongo uliochimbuliwa. Ezekia alimshika bega akamwinua. Kisha akasema, bila kumtazama Dafrosa, "Mtani ametaja bei. Mlipeni. Leteni gari."

Walimpakia kwa nguvu. Alitukana njia nzima, na safari hii matusi hayakuwa ya utani. Huko Kitete Dafrosa alipanga vile vipande juu ya meza ya daktari, akataja kila kimoja na saa zake, kadiri Josepha alivyokumbuka. Walimpima Kasimiri damu, wakamtundikia dripu. Daktari alisema wamewahi. Saa nane, huko Ntalikwa, mdogo wake Kasimiri alitupa udongo wa kwanza. Maiti haikuweza kungoja.

Kasimiri alilazwa siku tano, akatoka akiwa hai na mwenye kinyongo. Katekista alijaribu kuwapatanisha akashindwa. "Alininyima mama yangu," ndilo jibu lake kwa kila mtu. Ukoo ulimtangazia Dafrosa kwamba utani wao umekwisha, asikanyage tena Ntalikwa, hata kwa harusi. Dafrosa hakujitetea. Alipoulizwa kama ilimuuma, alisema alimpenda yule bibi, na yeye pia hakumwona akizikwa, akaendelea kupanga chupa.

Mwezi Oktoba, vumbi la kabla ya mvua lilipowakaba watu, Josepha aliingia dukani akiomba dawa ya kikohozi. Dafrosa aliuliza mgonjwa ni nani, anatumia nini kingine. Josepha alijibu yote, neno kwa neno, akausoma mwandiko kwenye bahasha kwa sauti. Ng'ambo ya barabara, karibu na fundi baiskeli, Kasimiri alikuwa amesimama ameligeuzia duka mgongo. Katika Kanyenye yote kuna maduka sita ya dawa. Alimsubiri mkewe pale mpaka akatoka, akaipokea bahasha, akaondoka bila kugeuka.