Mlolongo wa Shimo la Kokoto

Mama Dobi alifulia nusu ya mtaa, na nusu iliyobaki ilimsema. Walidai amerukwa na akili tangu binti yake, kitinda mimba, alipozama kwenye shimo la kokoto. Wazamiaji walitafuta wakachoka, mwili haukuonekana, na tangu hapo mama wa watu kila jioni hukaa ukingoni akizungumza na maji. Haya, nani kati yao angefanya tofauti? Watu wepesi wa kusema, basi tu.

Ndipo ukaja uchaguzi wa bodi ya mtaa, na shimo likawa ndilo gumzo lenyewe. Nesi, mgombea wa kwanza, alitaka lifukiwe udongo na kupandwa miti, maana maji yale yalikuwa meusi ti, yamejaa taka na mbu, na mvua ikinyesha tu watoto wanaharisha. Mpinzani wake, Kipara mwenye duka la saruji, alisema liachwe. Likifukiwa, maji ya mvua yatakosa pa kwenda, na mafuriko yataingia vyumbani. Mama Dobi hakuwa na habari na mafuriko. Likifukiwa, mwanawe angebaki chini ya udongo milele bila kupatikana. Alimpigia Kipara kampeni mpaka sauti ikamkauka, tena bure. Nesi alipomfuata kumbembeleza, alimfungia mlango.

Mtaa ule huchagua kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mgombea wako, msimamizi anapita akihesabu vichwa. Siku yenyewe jua lilikuwa la utosini. Milolongo miwili ilijipanga uwanjani, ikakaribiana urefu hata watu wakaanza kurushiana maneno. Mama Dobi, aliyecheleweshwa na nguo za wateja, akawa wa mwisho upande wa Kipara. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Lakini palikuwa na baridi. Ilianzia visiginoni, ikapanda mgongoni, na harufu ya lile shimo ikamjaa puani. Kitu kidogo, kilicholowa, kikamshika pindo la gauni. Hakugeuka. Aliujua mshiko ule. Ndivyo binti yake alivyokuwa akimshika sokoni, akiogopa kupotea.

"Mama," sauti ilisema, ndogo, ya kutetemeka, "nimechoka na maji."

Aliogopa, msidhani hakuogopa. Ila uchungu uliizidi hofu, maana muda wote huo yeye ndiye aliyepigania mtoto abaki mle. Akajikaza, akatoka kwenye mlolongo, akavuka uwanja mbele ya macho ya mtaa mzima. Kipara alimwita, akamwita tena. Wengine walicheka, wengine wakaguna kwamba leo kichaa kimempanda kweli. Akaenda kusimama mwisho wa mlolongo wa Nesi, na baridi ikamfuata.

Msimamizi akaja akigusa mabega na kuhesabu kwa sauti. Akamfikia, akamgusa, akataja namba yake. Kisha, bila kuwaza, akashusha mkono nyuma ya Mama Dobi, usawa wa kiuno, akataja namba nyingine. Akasita. Akakitazama kiganja chake kilichokuwa kikichuruzika maji meusi, halafu akamtazama yeye.

"Huyo usimhesabu," Mama Dobi alimwambia taratibu. "Bado mdogo."