Kidonge cha Asubuhi

Kinyozi wa mtaani kwetu alikuwa na kanuni moja: mteja akishapakwa povu, haachwi kitini. Hata simu ya msiba ingesubiri shavu la pili. Aliishika kanuni hiyo miaka arobaini na moja, na mtaa mzima ukamheshimu kwa hilo. Mimi pia nilimheshimu.

Alipofikisha miaka sitini na minane moyo ulianza kuchoka, na miguu ikavimba hata viatu vikamkataa. Daktari akampa kidonge cha kupunguza maji mwilini.

"Meza asubuhi, mzee. Kitakupeleka chooni mara tatu, nne, halafu basi."

Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na ufunguo alikaa nao fundi viatu wa mlango wa pili. Siku ya kwanza tu kinyozi alilazimika kumwacha mteja na povu kidevuni. Aliporudi, povu limekauka, mteja kanuna. Tangu siku hiyo akawa anameza kidonge jioni, akishafunga kibanda. Hakumuuliza daktari.

Basi safari za chooni zikahamia usiku. Alfajiri, akitoka mara ya tano, hakuona tena haja ya kurudi kitandani. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, aliyaona macho yale mekundu.

"Baba, umelala kweli?"

"Kama gogo."

"Gogo gani linafungua mlango mara tano? Hicho kidonge si cha asubuhi?"

"Asubuhi nina watu kitini. Unataka nimwache mtu nusu mtu, nusu beberu?"

Binti akacheka, na mambo yakaishia kwenye kicheko. Hapo namlaumu na yeye. Mzaha wa mgonjwa si jibu.

Miezi minane ikapita. Mzee akaanza kusinzia amesimama, wembe mkononi. Wateja walimtania: "Mzee, unaninyoa au unaniombea dua?" Walicheka, kisha mmoja mmoja wakahamia kwingine. Aliona wazi kwamba kazi inamponyoka, na bado aliamini kidonge cha jioni ndicho kinachoilinda.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikaa kitini fundi mwashi, rafiki yake tangu ujana. Mwashi alikuwa akimsengenya mkwewe, na kinyozi akiupitisha wembe chini ya sikio. Kope zikashuka. Hazikushuka kwa muda mrefu. Mwashi anasema hata umbea wake hakuumaliza. Wembe ulipasua nyama ya chini ya sikio ukateremka hadi kwenye taya. Alishonwa nyuzi kumi na moja.

Kinyozi alimsindikiza hospitali, shati lake limelowa damu ya mwenzake. Daktari wake akamkuta barazani.

"Kidonge unameza saa ngapi?"

"Jioni."

"Nani alikwambia jioni?"

"Mimi mwenyewe."

Mwashi hakumshtaki. Alipotolewa bandeji alikwenda kumwona nyumbani. "Ndugu yangu, nimekusamehe," alimwambia. "Lakini shingo yangu hutaigusa tena."

Habari zilikwisha kuenea, na baada ya mwashi hakuna mwingine aliyekikalia kile kiti. Mwisho wa mwezi kibanda kikapangishwa kwa fundi simu.

Siku hizi kinyozi anameza kidonge asubuhi na kulala hadi kunakucha. Dakika kumi za choo, alizoona aibu kumwomba mteja, zilimgharimu kazi yake yote.