Sweta la Hallfrid

Mama mkwe wangu, Hallfrid, hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Huruma yake yote aliwapa bata wa baharini. Miaka hamsini na miwili, kila baridi ilipoachia, aliwajengea vibanda vya mawe, akawatandikia mwani mkavu, akangoja wapande kutoka majini waje kutaga. Wao walimwachia manyoya laini ya vifuani mwao, yale wanayojazia mablanketi ya matajiri wa Oslo. Msimu huo, ili bata wasishtuke, kisiwani kwetu hapigi mtu nyundo, mbwa hafunguliwi, na mkorofi hufokewa kwa kunong'onezwa.

Alipoolewa huku kisiwani Vega, Norwe, walikuwapo bata mia tatu. Kisha minki, vinyama wala nyama wanaofugwa kwa ngozi zao, wakatoroka mabandani mwa wafugaji, wakala mayai na walioyalalia. Majirani nao wakahamia bara, nyumba baada ya nyumba. Alipokuja bwana mmoja wa serikali kumshawishi naye ahamie bara, Hallfrid alimuuliza, "Na bata mtawapangisha ghorofa ya ngapi?" Bwana wa watu akanywa kahawa yake, akaondoka.

Mwaka ule alirudi jike mmoja tu. Bata hawa hutaga walikozaliwa. Huyu asingeangua, basi, kazi ya ukoo mzima ingekwisha. Naye alimjua Hallfrid kwa sweta lake la kijivu, lisilofuliwa mpaka vifaranga waingie baharini. Lilinuka samaki, kahawa na bata. Mimi mjuaji, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nikaona aibu kwa kuwa mchungaji wa kanisa alikuwa anakuja kutusalimu. Hallfrid alipojilaza mchana nikalichemsha.

"Ingunn!" alininong'oneza, na heri angenipiga kofi. "Umelifanya nini sweta langu?"

"Nimelifua, mama. Lilikuwa linanuka."

"Ala! Nani alikutuma ulinuse?"

Akaenda kwa bata amevaa koti la mvua. Bata kumwona tu, huyoo, baharini, akaacha mayai matano. Shakwe, wezi wa mayai, wakaanza kuzunguka. Hallfrid aliyafunika mayai kwa manyoya, akarudi mbio, akajaribu kulivaa sweta. Sufu ilikuwa imerudi kwa maji ya moto, hata kichwa hakikupita. Akanitazama juu mpaka chini, nilivyo kijipande cha mtu.

"Vaa."

"Mimi, mama? Atanikimbia!"

"Umelipunguza likakutosha, sasa lifanyie kazi. Buruta mguu wa kushoto kama mimi. Na uzungumze naye."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Mimi humpa bei za samaki."

Niliketi karibu na kibanda, meno yananigongana, sweta likiwa bado bichi mwilini. Bei za samaki zote zilinitoka kichwani. Nikamweleza bata ukweli: nimechemsha sweta la mkwe wangu, naogopa kurudi nyumbani. Akapanda mawe taratibu, akasimama akinikodolea macho. Kisha akanipita, akaingia, akayalalia mayai yake. Nililia kwa furaha, kimyakimya, maana msimu ulikuwa wa bata.

Hallfrid alikuwa ameona yote dirishani. Nilipoingia nikaanza kulivua sweta, akanishika mkono.

"Acha. Keshakujua wewe sasa."

"Lakini ni bata wako, mama."

"Mwaka wa nne huu najiuliza nitamwachia nani," alisema. Akanimiminia kahawa. "Kesho nenda mapema. Na wewe usilifue tena!"