Siku ya Kuita kwa Watu wa Chini

Nilisafiri kwa sababu kaka yangu Shisia alikuwa hai, na mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kwenda kumtoa.

Shimo la dhahabu alimokuwa akichimba liliporomoka mwezi wa Januari. Majirani wa Amalemba walileta sukari na maziwa, tukaomba, tukalia, na hatukuwa na mwili wa kuzika. Kisha mwezi wa Aprili akaja Muhati, mchimbaji mwenzake, akamwambia mama kwamba Shisia aliokotwa na vibeti wanaoishi chini ya vilima, wale wanaojiita Watu wa Chini. Muhati huwapelekea chumvi. Alisema wanamtunza kama mgeni hadi Sikukuu ya Kuita, ambayo ndiyo ya mwisho katika mwaka wao. Siku hiyo mtu aliyenyonya ziwa moja na aliyepotea husimama mbele ya wote na kumwita: jina lake, jina la mama yake, na mahali kitovu chake kilipozikwa. Sauti ikigonga ukuta wa mbali na kurudi, anapewa mtu wake. Isiporudi, mtu huyo ni wao. Jiwe haliulizwi mara mbili.

Mama alinitazama. Tumezaliwa wawili tu.

Mimi niko kidato cha tatu na sijawahi kujibu swali darasani kwa hiari yangu. Kanisani nikipewa somo nisome, mchungaji hunisogezea kipaza sauti hadi kinagusa meno. Mama alijua. Alisema tu, "Hata mimi ningeenda, lakini sikunyonya naye. Nilimnyonyesha."

Ijumaa asubuhi tuliondoka kwa pikipiki ya Muhati. Mama alisema atachinja ingokho Jumamosi ili Shisia akute kuku mezani. Tulipita Ilesi, penye lile jiwe linalotoka maji ambalo watu husema linalia, likiwa limelowa kama kawaida, halafu tukaacha barabara na kusukuma pikipiki katikati ya mashamba ya mahindi. Njiani Muhati alinieleza mambo mengi, nami niliitikia "eeh" bila kusikiliza, kwa sababu nilikuwa nikirudia kichwani: Shisia, wa Andeso, wa Amalemba. Kichwani sauti yangu ilikuwa nzuri sana.

Kama saa sita mchana tulifika kwenye handaki la zamani, lililochimbwa na wazungu na kuachwa. Muhati akabaki nje, maana hana ndugu kule chini. Nilitambaa kwa magoti hadi nikaona mwanga wa taa.

Aliyenipokea aliitwa Mama Changarawe. Aliniishia kiunoni, na ndevu zake alikuwa amezisuka mistari miwili kama msichana wa shule. Nilipoinuka kumsalimu nikagonga kichwa darini. Akacheka.

"Sisi si wafupi," akasema. "Ninyi ndio mmerefuka bure. Karibu, mrefu wangu."

Kazi yake ilikuwa kulinda beseni. Ni beseni la jiwe lililo katikati ya ukumbi wao, na maji hulidondokea kutoka kwenye ufa wa juu. Likijaa hupinduliwa, na hiyo ndiyo siku moja. Hawana jua wala saa. Wakati wa kiangazi, alisema, siku yao inaweza kumeza siku zetu tatu. Mvua zikikolea, siku huwa fupi kama mkia wa mbuzi. Nilitikisa kichwa bila kuelewa, kama ninavyotikisanga kwenye somo la fizikia.

Jioni hiyo alinipa uyoga uliokaangwa na obusuma, ugali wa mtama, akanisimulia mwaka wao. Huanza na Nyundo Kimya, matone yakiwa machache. Nyundo zote hufungwa ngozi na hakuna anayegonga kitu, hata mlango, ili waliofia ndani ya mwamba walale. Kwa kuwa siku hiyo ni ndefu mno, watoto hupewa uyoga mkavu watafune wasipate nafasi ya kuongea. Hufuata Makaa Mapya: kila nyumba kwa zamu huzima moto wake na kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani waliyegombana naye mwaka huo. Asiyegombana na mtu hushukiwa kuwa mnafiki. Maji yakiongezeka huja Kuosha Ndevu, ambapo wakwe huoshana. Alisema mkwe akivuta sana, ujue kuna neno moyoni. Nilicheka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyocheka katika safari hii. Ya mwisho ni Kuita.

Nikamwona Shisia ng'ambo ya ukumbi, kwenye benchi la wageni. Alikuwa amekonda na nywele zake zilijaa vumbi jeupe. Kabla ya Kuita, ndugu hawaruhusiwi kuongea. Aliinua vidole viwili tu, nami nikainua vyangu.

Jumamosi asubuhi, saa mbili na nusu kwa simu yangu, beseni lilipinduliwa na sikukuu ikaanza. Ukumbi ulijaa Watu wa Chini, mamia, wote wakilitazama jiwe la kuitia. Wa kwanza kulipanda alikuwa mwanamke kutoka Matete, muuza nyanya, aliyekuja kumchukua kaka yake. Alishika kiuno na kuita kama anayefukuza ng'ombe kwenye mboga. Ukuta ukamrudishia kila neno. Kaka yake akatoka kwenye benchi akitembea haraka, na watu wakagonga mawe kwa furaha.

Benchi likabaki na Shisia peke yake.

Niliwaza kwamba nitangoja watu wapungue. Watakwenda kula, nikawaza, na siku ni ndefu, bado haijafika hata saa tatu. Mama Changarawe alikuja mara mbili kunivuta mkono. Mara ya pili alisema, "Mrefu wangu, beseni halikungoji wewe," nami nikamwambia kidogo tu. Nilitazama simu. Saa tatu na dakika kumi. Nilijiona nina siku nzima.

Huko juu, kumbe, mvua kubwa ilikuwa imeanza. Chini hatukuisikia. Nilichokiona ni watu kuanza kugeuka na kulitazama beseni, nami nikageuka pia. Matone hayakuwa matone tena. Yalikuwa uzi.

Nikapanda jiwe. Nikasema, "Shisia." Ukuta haukujibu, ila jina moja tu halihesabiwi kuwa mwito. Mtoto mmoja akauliza mbona huyu anaongea na viatu vyake, na watu wachache wakacheka. Nikajaribu tena, nikaishia kwenye jina hilo hilo.

Shisia akavunja sheria. "Ita tu," akasema. "Sitakucheka."

Maji yalifika ukingoni. Mama Changarawe alinitazama kwa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyomruhusu, kisha akalipindua beseni.

Hapo ndipo sauti ilipotoka. Sijui ilikuwa wapi. Niliita, "Shisia wa Andeso wa Amalemba," na ukuta wa mbali ukarudisha yote, kwa uwazi, mara tatu. Hakuna aliyesogea. Siku ilikuwa imekwisha. Wakamvalisha kaka yangu aproni ya ngozi, wakampa nyundo na jina la jiwe, na jina hilo walipolitaja aliitika, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Niliendelea kuita hadi Mama Changarawe akaniziba mdomo kwa kiganja chake, polepole.

Kama saa tano alinisindikiza hadi mlangoni. Aliuliza kama ni kweli kwamba siku zetu zote ni sawa kwa urefu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ndiyo maana mnafikiri zipo tu zinawangoja."

Mchana mimi na Muhati tulirudi kwa pikipiki ndani ya mvua hiyo hiyo. Mama alikuwa mlangoni, na alitazama nyuma yangu, halafu nyuma ya Muhati.

"Hukuita?" akauliza.

"Niliita. Siku ilikuwa imeisha."

Hakunipiga wala hakulia. Aliingia jikoni akafunika sufuria.

Nimeandika haya kwa walio na watu wao kule. Ukifika, weka simu mfukoni na uangalie maji. Panda jiwe ukiwa wa kwanza. Usingoje watu wapungue, maana hawapungui. Mimi nimejifunza hayo, na hayanisaidii.

Mvua ikinyesha sana Amalemba, mama huacha anachofanya na kuniuliza Shisia amezeeka siku ngapi leo. Ninamwambia sijui.