Pikapu ya Kumrudisha Mama

Mume wangu Harib ni mtu wa kupima. Akinunua kamba ya mbuzi, ataivuta hapo hapo dukani mpaka mwenye duka anune. Anaendesha boza la maji hapa Rustaq, Omani, na kila asubuhi lazima alizunguke boza zima akigonga matairi kwa spana, mimi nimesimama mlangoni na kahawa yake inapoa. Nimezeeka naye na bado ananikera. Lakini leo sisemi habari ya kukereka kwangu. Nasema habari ya pikapu yake, na ya mama yake, Mama Ghaniya.

Mama Ghaniya aliteremka kutoka Shanat, kijiji chao kule juu mlimani, kuja kupasuliwa jicho. Alikuja na kifurushi kidogo cha nguo, maana hakukusudia kukaa. Mara mvua zikanyesha, wadi, lile bonde la mto mkavu, ikashuka na maji ya ajabu, ikaibomoa njia ya Shanat na kuacha mawe makubwa katikati. Jicho likapona, njia haikupona. Kupanda kwa miguu hawezi, magoti yamemwisha. Na pikapu yetu ilikuwa ikifika pale penye mawe inagonga tumbo na kukwama.

Basi kila Ijumaa tukishakula, aliuliza, "Harib, lini?"

"Gari halifiki, mama."

Na kweli lilikuwa halifiki. Ila mimi namjua mume wangu. Alilijibu neno hilo upesi mno. Tangu alipoletwa huku chini kusoma, mtoto mdogo wa bweni, hakuwahi tena kukaa nyumba moja na mama yake zaidi ya siku za sikukuu. Sasa yuko naye. Asubuhi anakaa chini mbele yake, jitu zima lenye mvi, anapakwa mafuta kichwani! Nilikuwa nikipita na sufuria zangu nikijifanya sioni.

Mimi na mkwe wangu hatukuwa tukielewana jikoni. "Rayya, mwanangu, wali huu umewapikia watu au kuku?" Nami nina ulimi, sikunyamaza. Nilikuwa nikimwomba Mungu njia ile itengenezwe hata kesho, arudi kwao kwa dada yake Zuwayna na mbuzi wake, anipishe. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Halafu Ijumaa moja hakuuliza. Alinawa mikono, akaenda kulala, akageukia ukutani. Harib alingoja swali lake na kikombe mkononi, swali halikuja. Kesho yake akaitia pikapu uani, akaanza kuifungua magurudumu, ainyanyue tumbo lipite juu ya mawe.

Jirani yetu Khalfan akaja mbio. Khalfan ana gari lililonyanyuliwa juu hata kulipanda unahitaji ngazi, analipeleka michangani kuwaonyesha watu.

"Unahangaika nini, bwana? Tia vipande vya chuma juu ya ekseli, mbele na nyuma, viwili viwili, kaza, twende zetu."

"Mbele havitiwi vipande," Harib akasema. "Ukikanyaga breki kwa nguvu kipande kinachomoka, usukani unakwenda nacho."

"Langu mbona lipo?"

"Lipo, namshukuru Mungu kwa ajili yako."

"Haya, basi mimi nitampandisha mama kwa gari langu."

Mama Ghaniya akadakia kutoka mkekani, "Gari lile linaloyumba? We Khalfan, hata mbuzi wangu simtii mle."

Harib akapima kwa mkono wake: vidole vinne. "Hivi tu. Zaidi ya hapo tumbo litapita lakini gari litapinduka kwenye mteremko." Hakuingia chini ya gari mpaka amelikalisha juu ya stendi za chuma, akalisukuma kwa bega kuona kama litatikisika. Jeki peke yake haiamini. Akatoa springi za zamani, akaweka mpya zenye upinde mkubwa zaidi, na bolti ndefu za kuzifunga. Akatafuta shokapu ndefu. Akabadilisha mipira ya breki, maana ile ya zamani ingevutika, na ikikatika katika mteremko, hapo tena! Akazungusha usukani mwisho huku na mwisho huku, akichungulia kama tairi linagusa mahali. Akapakia mawe nyuma, akapanda na kushuka kilima cha makaburini mchana kutwa. Akaipeleka gereji kupimisha magurudumu.

Kazi ikaisha. Yeye hakuisha. Kila akirudi kutoka kwenye boza, anaingia tena chini ya pikapu.

"Hiyo nati hukuikaza jana?" mama yake akamwuliza.

"Nahakikisha, mama."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"We mtoto, unatengeneza gari au unajenga msikiti? Mimi nitakufa hapa hapa mkekani!"

Tukacheka wote, Khalfan mpaka akashika ukuta. Harib hakucheka.

Jioni nikamfuata. "Harib, gari limekwisha au halijakwisha?"

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Limekwisha."

"Sasa?"

"Likifika, sina la kumwambia tena."

Roho iliniuma, na mimi nikiumwa roho nakuwa mkali. Nikamwambia, "Basi legeza bolti moja! Mwambie imeshindikana, uishi naye."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Atapanda humu mama yangu, Rayya."

Ijumaa tukaondoka. Pikapu imekuwa juu, Mama Ghaniya akainua mguu, haufiki. Harib akairudisha hadi kwenye tuta la udongo ambapo Khalfan huwapakilia madume yake ya ng'ombe, akamwingiza kutoka pale.

"Lo! Mnanipakia kama ng'ombe!"

"Ng'ombe hasemi hivyo, mama," nikamjibu. Akanichapa begani, anacheka.

Pale penye mawe Harib alishuka, akaitembea njia yote kwa miguu, akasogeza aliyoweza kuyasogeza. Kisha akapanda, akaenda polepole. Gari likainama upande, mkwe wangu akanikamata mkono, nami nikamkamata. Nilingoja ule mlio wa chuma kugonga mawe chini ya miguu yetu. Haukuja. Tulipita.

Shanat, Zuwayna alitoka na unga mikononi. Wakashikana wale dada wawili pale mlangoni. Tukanywa kahawa. Mama Ghaniya akaenda ndani, akafungua kifurushi chake, akatundika nguo zake. Kisha akatoka, akakaa nasi.

Harib akasimama. "Bolti zikishatembea mara ya kwanza lazima zikazwe tena," akasema, na ni kweli, ndivyo inavyotakiwa. Akachukua spana, akaingia chini ya gari.

Tukasikia spana ikifanya kazi. Kisha hatukuisikia. Miguu yake imetokeza nje, haitikisiki. Jua lilikuwa linateremka, na njia ile si ya kupita gizani, nikainuka nimwite.

Mama Ghaniya akanizuia kwa mkono. Akaenda mwenyewe. Akashika tairi, akajishusha kidogo kidogo kwa magoti yake yale mabovu mpaka akakaa kwenye vumbi, akaweka mkono juu ya mguu wa mwanawe.

"Kaza vizuri, mwanangu," akasema. "Taratibu tu. Leo sina haraka."

Akabaki hapo hapo, mkono haukuondoka, mpaka Harib alipotoka mwenyewe.